Kidole Kinaporudi Mwanzo wa Mstari

Karakana yetu iko ghorofa ya juu ya jengo la mawe mjini Nyeri, juu ya duka la pembejeo, na asubuhi za baridi harufu ya mbolea na dawa za kahawa hupanda ngazi pamoja nasi. Humo tunatengeneza kifaa kimoja tu. Ni kisanduku kirefu, chembamba kama rula nene, unachokichomeka kwenye kompyuta, na juu yake kuna safu ya pini ndogo zinazopanda na kushuka. Maneno yaliyo kwenye skrini yanageuka kuwa breli, na mtu asiyeona anayasoma kwa kidole. Akifika mwisho wa mstari, pini zinalala, kisha zinainuka tena na mstari mwingine.

Kazi yangu mimi ni draiva. Mama yangu, ambaye huuza viazi soko la Karatina, aliwahi kuwaambia wenzake kwamba binti yake anaandika madereva, na mama mmoja akaniomba nimsaidie kijana wake apate lori. Nilimweleza hivi, na bado ndivyo ninavyowaeleza watu. Kompyuta haijui kisanduku chetu ni nini. Lazima kuwe na programu ndogo inayokaa ndani kabisa ya mfumo endeshi, karibu na mitambo, inayojua pini inainuliwaje na kwa umeme wa kiasi gani. Programu nyingine zote zikitaka kitu, zinaiomba hiyo: nionyeshee mstari huu, niambie kidole kimegusa wapi. Hiyo programu ndogo ndiyo draiva. Yule mama alisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na lori je?"

Aliyeiandika draiva yetu mara ya kwanza ni mzee aliyeanzisha karakana. Alikuwa amefanya kazi Nairobi miaka mingi katika mitambo ya simu, akastaafu, akarudi nyumbani kwake Sagana, kule chini karibu na mto ambako kuna joto. Siku za kazi alipanda Nyeri. Aliniajiri nikiwa nimetoka chuo juzijuzi, nikiwa naona haya hata kuuliza choo kiko wapi, na kwa miaka kadhaa alinifundisha bila kuonekana kama anafundisha. Alisimama nyuma ya kiti changu na kikombe cha chai, akasoma nilichoandika, na swali lake lilikuwa lile lile: "Hii inamhusu nani?"

Ikiwa nimeandika jambo la pini na umeme, alitaka libaki ndani, kwetu. Ikiwa ni jambo ambalo mwandishi wa programu nyingine angelihitaji, alitaka lipewe jina ambalo hata mtu asiyetujua angelielewa, na likishapewa jina hilo lisibadilishwe ovyo, kwa sababu kuna mtu mahali fulani ameshalitegemea. Lakini draiva yake mwenyewe hakuwa ameipanga hivyo. Aliiandika wakati ambapo hakuna mwingine aliyeitumia. Kila kitu kilikuwa katika faili moja, na faili hilo hilo ndilo tulilompa yeyote aliyetaka kuandika programu ya kutumia kifaa chetu. Ndani yake mlikuwa na amri za kila mtu, na mlikuwa pia na orodha nzima ya vigezo vya ndani, yaani namba za kuongoza pini na umeme, vimeanikwa kama nguo kwenye kamba.

"Tutaitenganisha," aliniambia mara nyingi. "Faili moja la watu, lingine letu. Wacha tumalize hii kwanza."

Hatukumaliza. Jumapili moja, akiwa ametoka kanisani, alishindwa kushika funguo za gari, kisha akashindwa kumwambia mke wake kwamba ameshindwa. Kilikuwa kiharusi. Alipotoka hospitalini mkono wake wa kulia ulikuwa umekufa ganzi na maneno yake yote yalikuwa yamekwenda isipokuwa moja. Alisema basi. Akitaka maji alisema basi. Akikasirika alisema basi kwa ukali, na mke wake akimfunga vifungo vya shati alimwambia basi kwa sauti ndogo ya shukrani. Alielewa tukimwambia jambo. Hakuweza kuandika, hata kwa mkono wa kushoto. Herufi nazo zilikuwa zimemkataa.

Nilipomtembelea mara ya kwanza nilimbebea ndizi na maziwa, nikakaa kwenye kochi, nikamwambia habari za karakana kwa sauti kubwa kana kwamba ni masikio yaliyougua. Nilipoondoka alinisindikiza hadi mlangoni na fimbo yake. "Basi," akasema, akanipa mkono wa kushoto. Nilitembea mpaka barabara kuu na nikasimama nyuma ya malori yaliyoegeshwa mpaka nilipokuwa sawa.

Baada ya hapo draiva ikawa yangu.

Muda si mrefu chipu iliyokuwa ikiinua pini zetu iliacha kutengenezwa. Tukapata nyingine, nzuri zaidi, lakini ilitaka kuambiwa mambo ambayo ile ya zamani haikuyahitaji. Kwa hiyo nilifungua ile orodha ya vigezo vya ndani, nikaongeza vipya, nikavipanga upya vya zamani ili vinavyohusiana vikae pamoja. Nilijaribu kila amri, moja baada ya nyingine. Zote zilifanya kazi. Nikawatumia watu toleo jipya.

Siku iliyofuata, karibu saa nne, alinipigia simu mwalimu mmoja wa Kangari. Nilimjua kwa sauti tu. Alikuwa mwalimu wa historia katika shule ya upili, asiyeona tangu utotoni, na alikuwa na kifaa chetu tangu vile vya kwanza.

"Injinia," akasema, "mstari umelala."

"Umelala vipi, Mwalimu?"

"Umelala. Napitisha kidole ni kama napapasa meza. Na niko na darasa saa hii."

Nilimrudishia toleo la zamani kwa njia ya simu, tukihangaika yeye na mimi, akawahi nusu ya pili ya somo. Lakini sikuelewa. Kwangu pale mezani pini zilikuwa zikiinuka vizuri. Kwa hiyo wiki hiyo nilikwenda Kangari mwenyewe. Kule majani chai yanashuka hadi ukingo wa barabara na ukungu unaingia mpaka vyumba vya walimu. Nilimkuta ameketi karibu na dirisha, mwanamke wa umri wa makamo mwenye sweta la manjano, mikono yake juu ya kisanduku chetu. Nilikuwa sijawahi kuona kifaa chetu kikiwa kimechakaa hivyo. Rangi ilikuwa imefutika kabisa mahali ambapo viganja vyake hulala.

Alikuwa amejiandikia programu yake ya kusoma maandalio ya masomo. Alijifundisha mwenyewe, kwa kusikiliza kompyuta ikimsomea. Nilimwomba aifungue anisomee inavyofanya kazi, akasoma mstari kwa mstari, na katikati nikamsimamisha.

"Hapo, Mwalimu. Unaandika sifuri wapi?"

"Kwa ile ngoja. Si iko kwa orodha yenu? Nilihesabu nafasi kutoka juu, nikaweka sifuri hapo."

Ndipo nikaelewa. Katika orodha yetu palikuwa na kigezo kinachoitwa ngoja. Kiliifanya draiva itulie kidogo pini zikishalala, kabla ya kuinua mstari mpya. Hapakuwa na amri ya kukibadilisha. Kilikuwa kitu cha ndani. Lakini kwa kuwa orodha ilikuwa wazi katika faili, yeye alipita moja kwa moja mpaka ndani na kukifanya sifuri. Nami nilipopanga orodha upya, nafasi ile ikawa ya kigezo kingine, kile kinachosema pini ziinuliwe kwa nguvu kiasi gani. Sifuri yake ilitua hapo.

Nilimweleza. Alicheka mpaka akashika kifua.

"Kumbe nimekuwa nikiziambia pini zisiamke."

"Kabisa."

"Lakini hiyo faili mlinipa ninyi. Mlango ulikuwa wazi."

"Hapo kwa ngoja pameandikwa usiguse, Mwalimu."

"Nilisoma. Haikusema kwa nini nisiguse." Kisha akaacha kucheka. "Wacha nikuonyeshe kitu."

Alirudisha ngoja kama ilivyokuwa, akaanza kunisomea kwa sauti ukurasa wa somo lake. Sijawahi kuona mkono ukisoma namna ile. Kidole kilipita juu ya pini kama mtu anayefuta vumbi, na sauti yake ilikwenda nacho bila kupungua. Lakini kila alipofika mwisho wa mstari, mkono uliruka mwanzo na kukuta pini bado zimelala. Alinyamaza. Kidole chake kilikaa pale juu ya ubapa, kikingoja. Halafu pini zikainuka na akaendelea.

"Umeskia?" akaniuliza. "Nanyamaza katikati ya sentensi. Kila mstari. Wanafunzi wapya wanafikiri nimesahau. Kuna mmoja alikuwa ananimalizia maneno kwa huruma. Hiyo ndiyo nilikuwa natoa."

Nilirudi Nyeri na jambo moja limekaa wazi kichwani: ile kazi ambayo mzee alisema tutaifanya, ilikuwa imefika. Nisingeweza kuendelea kubadilisha ndani ya draiva huku nikiogopa kwamba mahali fulani, Kangari au kwingine, mtu ameegemea kitu ambacho sijui ameegemea. Na watu nisingeweza kuwalaumu. Tulikuwa tumewapa kila kitu bila kuwaambia kipi ni chao.

Basi nikaanza. Nilifungua faili mbili tupu. La kwanza lingekuwa la watu: amri chache, zenye majina ya kueleweka, tutakazoahidi kutozivunja. La pili lingebaki karakana: orodha ya vigezo, mambo ya chipu, mambo ya umeme, vitu nitakavyoweza kubadilisha asubuhi yoyote bila mtu kuhisi chini ya kidole. Kwa maneno ni kazi rahisi. Kwa vitendo nilikuta kwamba kila amri ya mzee ilikuwa imeshikana na nyingine kama mizizi ya nyasi. Niliichukua moja, zikaja tatu. Nyingine niliweza kukisia mahali pake. Nyingine sikuweza.

Iliyonisumbua zaidi ni ile ngoja. Nilidhani ni ya chipu. Nilidhani mzee aliiweka ili umeme upate nafasi ya kujaa kabla pini hazijainuliwa tena, na kwa kuwa chipu mpya haikuhitaji hilo, ningeweza kuifuta na mwalimu akasoma kwa raha. Nilikuwa karibu kuifuta. Nikashikwa na lile neno, usiguse. Katika draiva nzima mzee alikuwa ameliandika mahali hapo tu.

Nilimpigia simu mke wake.

"Mama, niko na maswali ya kazi. Lakini naogopa kumchosha."

"Kuja," akasema. "Watu wote wakija hapa wanamuuliza kama amekula, kama amelala. Wewe kuja umuulize kitu kingine."

Niliandika jina la kila amri na kila kigezo kwenye kipande cha karatasi ngumu, kwa herufi kubwa, na chini yake nikachora kinachofanywa, maana sikujua kama bado anaweza kusoma: pini inayopanda, kidole kinachogusa, umeme. Nikabeba na kifaa kimoja.

Sagana kulikuwa na jua. Mzee alikuwa ameketi kibarazani, amevaa kofia yake ya kanisani ingawa ilikuwa Jumamosi, na nikajua mke wake alikuwa amemwambia nakuja kwa kazi. Tulisogeza meza ndogo mbele yake. Mama, mke wake, alileta sahani mbili za bati.

"Hii ni ya watu wa nje," nikamwambia mzee, nikagusa sahani ya kushoto. "Hii ni yetu. Mimi nitakupa karatasi, wewe uweke."

Aliziangalia sahani, kisha akaniangalia mimi. Nilihofia kwamba nimemfanya mtoto. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto, kiganja juu, akasema, "Basi." Ilikuwa basi ya mtu anayekunja mikono ya shati.

Nikampa ya kwanza: onyesha mstari. Aliiweka kwa watu bila hata kuifikiria. Nguvu ya pini, kwetu. Kidole kiko wapi, kwa watu. Saa ya chipu, kwetu. Alifanya kazi polepole, na kila karatasi aliishika karibu na uso, akaipima mchoro wake kwanza, kisha herufi, midomo ikijisogeza. Wakati mwingine aliweka moja kwenye sahani ya watu, akaiangalia, akaichukua tena na kuihamisha. Mama aliketi kwenye ngazi akichambua maharagwe. Nakumbuka nilivyokuwa na furaha. Nilikuwa nimekuja na huzuni yangu yote tayari, na badala yake nilikuwa nimeketi na mwalimu wangu tukibishana. Kwa sababu tulibishana. Aliweka karatasi ya lugha ya breli kwetu, nami nikasema hapana, watu lazima waweze kuchagua lugha. Akatikisa kichwa. Nikashikilia. Akafunga macho, akafikiri, akaihamisha kwa watu, na kunitazama kwa jicho lile la zamani la juu ya kikombe cha chai.

Kisha nikampa karatasi iliyoandikwa mstari mpya. Hii ni amri ya kulaza pini zote, kungoja, na kuinua mstari unaofuata. Niliitarajia iende kwa watu. Aliishika. Akaisogeza juu ya sahani ya watu, akasita. Akaisogeza juu ya yetu, akasita. Macho yake yakaanza kuwa mekundu, na mama akaacha maharagwe.

"Pumzika kwanza, baba," akamwambia.

"Basi," akasema kwa ukali. Akaweka karatasi mdomoni, akaishika kwa meno, na kwa mkono wake mzima akaichana vipande viwili. Kimoja, chenye mchoro wa pini, akakiweka kwetu. Kingine, chenye mchoro wa kidole kinachongoja, akakiweka kwa watu.

Ilinichukua muda mfupi tu kuelewa. Amri ile ilikuwa mbili zilizoshonwa pamoja. Kulaza na kuinua pini ni mambo ya mitambo, ni yetu. Lakini kile kipande cha katikati, kungoja, yeye alikuwa akiniambia ni cha watu.

"Ngoja si ya chipu?" nikamuuliza.

Akatikisa kichwa.

"Ni ya nini, Mzee?"

Alifungua mdomo, na lilikuja lile neno lake moja, tena na tena, likigonga mahali pale pale. Niliona aibu kwa kuuliza swali lisilojibiwa kwa ndiyo au hapana. Lakini hakukata tamaa. Alionyesha kifaa, nikakichomeka kwenye kompyuta na kuweka maandishi. Alionyesha macho yangu, akafumba yake. Nikafumba. Akashika kidole changu cha shahada akakiweka juu ya pini, mwanzo kabisa, akaanza kukivuta polepole kwenda kulia, polepole sana, nukta kwa nukta. Tulipofika mwisho alinirudisha. Hakunirusha. Alinirudisha taratibu, kidole kikipapasa ukingo wa kisanduku mpaka kikagonga pembe, kikapanda, kikatulia. Na pale pale kilipotulia, pini ziliamka chini yake.

Tulifanya hivyo mara kadhaa. Kila mara, kidole kilifika nyumbani na maneno yakainuka kukilaki, wala si mapema, wala si baadaye.

Nilipofumbua macho mama alikuwa amesimama nyuma yetu na bakuli la maharagwe kiunoni.

"Hiyo ni mama yake," akasema.

"Mama yake?"

"Aliingiwa na giza la macho akiwa mzee. Alikuwa anaishi na sisi, hapo kwa hicho chumba cha mwisho. Alikuwa msomaji wa Biblia, na sasa hawezi. Huyu ndiye alimtengenezea hiyo kitu ya kwanza, kabla hata karakana. Alikuwa anakaa na yeye hapa kibarazani kila jioni akiangalia mkono ukirudi. Ikiinuka mapema, mama anashtuka, anapoteza mahali. Anasema inamdunga. Kwa hivyo akaweka hiyo ya kungoja. Alikuwa anaongeza kidogo, anapunguza kidogo, mpaka siku moja mama akasoma zaburi mzima bila kusimama." Akamgusa mumewe begani. "Si ni hivyo?"

Mzee alikuwa akiangalia kisanduku. "Basi," akasema. Hiyo nayo niliielewa.

Nilikaa nao mpaka chakula cha mchana. Sikumaliza karatasi zilizobaki siku hiyo. Nilizimalizia Jumamosi zilizofuata, na baadaye nikawa naenda hata bila karatasi.

Faili la watu lilipokamilika lilikuwa fupi. Unaweza kulisoma lote huku chai ikipoa. Miongoni mwa amri zake nimeongeza moja ambayo mzee hakuwa nayo: weka muda wa mkono. Asiyeitumia atapata kadiri ile ile ya mwanzo, ambayo sijaigusa. Anayesoma haraka anaipunguza, hata mpaka sifuri akitaka, na anayejifunza anaweza kuiongeza. Kwa ndani, orodha ya vigezo siku hizi haionekani na mtu. Programu inapewa kishikio tu, yaani namba ya kukitambulisha kifaa, na ikitaka kitu inaomba. Nimeshaibadilisha orodha ile mara nyingi tangu wakati huo, na simu haijalia.

Haikuwa rahisi kwa wote. Kulikuwa na watu wengine waliokuwa wamezoea kuingia ndani kama mwalimu, kila mmoja kwa sababu yake, na sikutaka waamke siku moja wakute ukuta. Niliacha njia ya zamani kwa muda, ikiwa na onyo, nikawapigia mmoja mmoja na kuuliza walikuwa wakitafuta nini humo. Mmoja alitaka kujua kama mstari umekwisha kuinuka. Nikampa amri. Mwingine hakuwa akitafuta chochote. Alikuwa amenakili programu ya rafiki yake.

Mwalimu wa Kangari nilimpelekea mwenyewe. Alifuta ile sehemu ya kuhesabu nafasi na kuandika amri mpya mahali pake, mstari mmoja. Kisha akaniambia nikae nyuma ya darasa. Lilikuwa darasa la asubuhi, madirisha meupe kwa ukungu, wasichana wenye sweta za kijani wakipulizia vidole. Alianza kuwasomea habari za ujenzi wa reli, na sauti yake haikukatika. Mstari ulipoisha na mwingine ulipoanza sikuweza kujua, ingawa nilikuwa nikitega sikio kwa ajili hiyo tu. Katikati alinyamaza mara moja, nami nikaanza kuinuka kitini.

"Huyo wa nyuma karibu na mlango," akasema, "hiyo karanga unakula ni ya saa ya mapumziko."

Baadaye, chumba cha walimu kikiwa kitupu, nilimweleza habari ya ngoja. Nilimwambia kuhusu kibaraza na mama wa mzee na zaburi. Alisikiliza huku akikunjakunja ncha ya sweta.

"Na mimi niliiweka sifuri," akasema.

"Yako inafaa kuwa sifuri, Mwalimu."

"Najua." Akaiachilia ile ncha. "Huyo mzee bado yuko?"

"Yuko. Haongei."

"Mimi sioni. Nipeleke."

Tulikwenda shule zilipofungwa kwa likizo. Mama alikuwa amechinja kuku na kupika mukimo wa viazi na mahindi. Mwalimu alipopanda ngazi za kibaraza mzee alijaribu kusimama kabla hatujamfikia, akamshika mkono kwa mkono wake wa kushoto, na hawakuachana upesi. Niliogopa kimya kitakachofuata. Mmoja hakuwa na maneno na mwingine hakuweza kuuona uso wake. Nilidhani mama na mimi tungelazimika kukaa katikati yao siku nzima tukiwatafsiria.

Lakini mwalimu alikuwa amekuja na kisanduku chake na insha za wanafunzi, alizokuwa amezichapisha kwenye kompyuta. Akamwuliza mzee kama angependa kusikia vile watoto wa siku hizi wanaandika historia. "Basi," akasema mzee, akivuta kiti. Akamsomea. Kulikuwa na msichana mmoja aliyeandika kwamba wakoloni walileta reli ili watu wa Sagana wapate kuuza samaki, na mzee alicheka hadi akakohoa. Mwalimu akaacha kusoma ili kukisikiliza kicheko kile. Akauliza insha hiyo apewe alama gani. Akataja alama ya chini, mzee akasema basi ya kukataa. Akapandisha. Akakataa tena. Akapandisha mpaka akafika mahali ambapo basi ilikuja laini.

"Wewe ungeharibu shule yangu," akamwambia.

Mama na mimi tulikuwa jikoni tukisikiliza. Alikuwa ameshika mwiko na hakuwa akikoroga chochote. Kutoka pale tuliweza kuwaona kupitia mlango, vichwa vyao vimeinama juu ya meza ndogo, na mzee amenyoosha kidole chake cha kushoto akikipitisha juu ya pini, nyuma ya kidole cha mwalimu, akifuata.

"Wacha wakae," mama akasema. "Kuku haiendi mahali."